Nani Hurusha Mshale wa Pili?

Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Juli McGruder, alikuwa akibisha hodi katika nyumba tatu za Unguja. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wa skizofrenia, maradhi ambayo mtu husikia sauti wasizozisikia wengine, huwashuku hata waliomzaa, na akili yake humtoka na kumrudia kwa misimu. McGruder alikuwa mwalimu wa tiba kwa kazi, na wagonjwa wa aina hiyo alikwisha kuwafahamu katika hospitali ya Kidongo Chekundu, upande wa Ng'ambo, na kwa Waunguja jina la hospitali hiyo lina uzito kama lile la hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, kwa watu wa bara. Lakini hospitalini mgonjwa huonwa akiwa amezidiwa. McGruder alitaka kujua anaishije siku za kawaida, anapokula, anapolala na anapogombana na ndugu zake. Aliyoyakuta aliyaandika katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1999, na mwaka 2010 mwandishi Ethan Watters akayafikisha kwa wasomaji wengi zaidi katika kitabu chake Crazy Like Us.

Nyumba moja ilikuwa na wagonjwa wawili, baba na binti yake. Mtu angetegemea vurugu tupu. McGruder alikuta utulivu uliomshangaza. Binti aliachwa aingie katika ugonjwa na kutoka bila ya mtu kumhesabia siku. Alipojitenga hakuandamwa kwa maswali, na alipopata nafuu hakutwishwa matumaini makubwa ambayo yangemwelemea. Mama mwenye nyumba aliamini kwamba Mungu hampi mja wake mzigo asiouweza, na kwamba subira yake haipotei bure. Sauti na ghadhabu zilihesabiwa kuwa ni za masheitani, na sheitani hupanda na kushuka. Akishashuka, aliyebaki ni mtoto wa watu yule yule, mwenye jina lake na nafasi yake mkekani. Wakati mwingine liliandikwa kombe: aya za Kurani kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akapewa anywe. Daktari anaweza kuuliza zafarani inaponya nini. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mtu anayeandikiwa kombe na watu wake anajifunza nini juu ya thamani yake katika nyumba ile?

Swali hilo lina majibu ya hesabu, na hesabu hizo zilianzia London. Mwishoni mwa miaka ya 1950 George Brown na wenzake waliona jambo la ajabu: wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitalini na kurudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba peke yao. Walianza kurekodi mazungumzo ya jamaa na kuhesabu: maneno ya lawama mangapi, uhasama kiasi gani, na mtu anamng'ang'ania mgonjwa kwa kiasi gani, akimlilia, akimfuata hadi mlango wa choo, akimlisha mtu mzima kama mtoto. Katika utafiti wao wa mwaka 1972 uliohusu wagonjwa 101, waliorudi katika nyumba zenye joto hilo la lawama au la huruma iliyopindukia, 58 kati ya kila 100 waliugua tena. Katika nyumba tulivu walikuwa 16 kati ya 100. Matokeo ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi tangu wakati ule, katika nchi nyingi.

Kwa hiyo nyumba ile ya Unguja haikuwa na utulivu wa kupendeza macho tu. Ilikuwa na kitu ambacho tiba ya akili ya karne ya 20 ilihangaika kukitafuta.

Inafaa hapa kumleta mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za Unguja wala London. Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, alifundisha kaskazini mwa Bara Hindi kiasi cha karne 24 zilizopita. Katika moja ya hotuba zake fupi alitoa mfano wa mishale miwili. Mtu akichomwa mshale huumia, na hapo hakuna ujanja. Aliyeelimika na asiyeelimika huumia sawa. Asiyeelimika, hata hivyo, hujikuta amechomwa na wa pili palepale: huomboleza, huyachukia maumivu, huuliza kwa nini yeye, kisha hukimbilia anasa yoyote iliyo karibu ili asihisi kitu. Aliyejifunza kuitazama nafsi yake huhisi mshale mmoja. Falsafa yote ya Wabudha kuhusu mateso imo humo kwa ufupi. Kuzaliwa, kuugua, kuzeeka na kufa haviepukiki. Kinachoweza kuepukika ni kile ambacho akili inakijenga juu yake, kwa kung'ang'ania kinachopita na kukataa kilichokwisha kufika.

Wanasaikolojia wa leo wanaliona jambo hili kuwa la kwao kabisa. Katika miaka ya 1960 huko Philadelphia, Aaron Beck aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na fikra za haraka zilizopita akilini bila ya kuulizwa, nao wakaziamini kama habari za kweli. Tiba aliyoiasisi humfundisha mtu kuzikagua fikra hizo. Mwaka 2005 Beck alikutana na Dalai Lama mjini Gothenburg, Sweden, na wazee hao wawili walikubaliana katika mengi. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, aliyekuwa amejifunza taamuli ya Kibudha, alifungua kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa ajili ya watu wenye maumivu yasiyopona. Aliwakalisha wiki nane wakifuata pumzi zao na kuyatazama maumivu bila ya kuyapiga vita. Jina la Buddha aliliacha nje ya mlango.

Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale wakauchukua mpango huo na kuupeleka kwa watu walioangushwa na sonona mara kwa mara. Teasdale alikuwa ameona kwamba aliyewahi kuugua sonona hubaki na njia iliyolainika akilini. Siku moja ya huzuni ya kawaida, iliyoletwa na mvua au na deni, humfikisha upesi katika hukumu: mimi si kitu, sitapona, nitawaangusha wanangu. Huo ndio mshale wa pili. Tiba yao humzoeza mtu kuiona hukumu inapokuja, akatambua kuwa ni fikra, akairuhusu ipite. Majaribio tisa yalipojumlishwa mwaka 2016, yakiwa na watu 1,258, hatari ya kurudiwa na sonona ilionekana kupungua kwa takriban asilimia 31. Jaribio moja la Uingereza la mwaka 2015 lilikuwa na wagonjwa 424. Nusu waliendelea na dawa, na nusu walifundishwa uzingativu, yaani taamuli hiyo ya kufuata pumzi na kuzitazama fikra, huku wakipunguza dawa kwa msaada wa madaktari wao. Katika miaka miwili, waliofundishwa walirudiwa kwa asilimia 44 na waliobaki na dawa kwa asilimia 47. Kwa mtu anayetafuta njia nyingine badala ya vidonge vya maisha yote, hiyo ni habari kubwa.

Na bado, katika hadithi hii yote ya mafanikio, mpiga mshale ni mmoja tu: mgonjwa mwenyewe. Anakaa peke yake juu ya mto, anafumba macho, anajifunza kutojichoma. Nyumba za Unguja na vinasa sauti vya London vinasema kitu kingine. Mshale wa pili mara nyingi hutoka kwenye kiti cha jirani. Huja na sauti ya kaka anayesema huyu mvivu tu, anajifanya. Huja na sauti ya shangazi anayelia kila amwonapo mgonjwa, mpaka mgonjwa akajiona maiti. Huja na mwalimu wa skuli anayeuliza mbele ya darasa kama leo kichwa kimetulia. Mgonjwa anaweza kuwa hodari wa kufuata pumzi kuliko mtawa, lakini kama mishale inarushwa kila saa ya chakula, atafuata pumzi mpaka lini?

Buddha mwenyewe aliliona hili kuliko wafuasi wake wengi wa maabara. Vitabu vya kanuni za watawa vinasimulia kwamba siku moja, akizungukia makazi na mwanafunzi wake Ananda, alimkuta mtawa anayeharisha, amelala katika uchafu wake, hana wa kumtazama. Watawa wenzake walikuwa wamemwacha kwa kuwa hakuwa na faida kwao. Buddha alimtuma Ananda alete maji, wakamwosha, mmoja akashika kichwa na mwingine miguu, wakamweka kitandani. Kisha aliwaita watawa wote na kuwaambia kwamba hawana mama wala baba wa kuwauguza, basi wauguzane wao kwa wao, na anayetaka kumhudumia yeye amhudumie mgonjwa. Hapo hapakuwa na somo la pumzi. Palikuwa na ndoo ya maji.

Kisa cha Kisa Gotami kinajulikana zaidi. Mwanamke huyu alifiwa na mtoto wake mchanga, akawa anambeba maiti mtaa kwa mtaa akiomba dawa. Buddha alimwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Alikwenda mlango kwa mlango. Haradali ilikuwako kila jikoni, nyumba isiyofiwa haikuwako. Wanaoifundisha hadithi hii Magharibi husema inahusu kukubali kwamba kila kitu hupita, na ni kweli. Lakini tazama jinsi alivyofika huko. Hakuambiwa akae atafakari. Aliambiwa akaongee na majirani, na kila jirani alilazimika kumsimulia marehemu wake.

Waunguja hawahitaji kufafanuliwa dawa ya namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi na mamia ya watu wakapotea. Waliopatikana wakiwa maiti walipelekwa uwanja wa Maisara ili jamaa waje kuwatambua. Wengi hawakupatikana kabisa. Kwa siku nyingi visiwa vyote viwili vilikuwa matanga: majamvi yametandikwa nje ya milango, wanaume wamekaa kimya, wanawake ndani wamemzunguka mfiwa, hitima inasomwa hapa na pale mtaa huohuo. Anayekuja kuhani hasemi mengi. Anatoa mkono, anakaa, anakunywa kahawa, anakaa tena. Hamwambii mfiwa asilie, wala hamchimbui alie zaidi. Mshale wa kwanza umekwisha kuingia hadi kwenye mfupa. Kazi ya jamvi ni kuzuia wa pili usifike.

Si haki, hata hivyo, kuuvika ukumbi wa matanga kanzu ya Kibudha. Zanzibar ni nchi ya Waislamu, karibu wote, na Uislamu na Ubudha vinaachana katika jambo la msingi kabisa. Buddha hakumfundisha Mungu Muumba. Alifundisha kuzaliwa upya, na kwamba hakuna nafsi ya kudumu inayobaki. Mama wa nyumba ile alivumilia kwa sababu alimtegemea Aliyemwumba, na ukimwondolea hilo humpunguzii kitu kidogo, unamwondolea nguzo. Hoteli kadhaa za pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, huwapa wageni mafunzo ya taamuli, na sanamu ya Buddha ikiwekwa kando ya kitanda cha kusingia, mfanyakazi wa Kiunguja anayepita nayo na taulo ana haki ya kuuliza sanamu hiyo inafanya nini hapo. Wabudha wengi nao wangeuliza swali hilo hilo kwa uchungu zaidi, kwa kuwa kwao sanamu ile si pambo.

Lakini mipaka ya kale ilikuwa na milango. Kila aliyesoma Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili anamjua Jaafar, waziri wa Haruni Rashid, anayezunguka naye Baghdadi usiku. Jaafar yule alikuwa mtu wa kweli, wa ukoo wa Barmaki, na mababu wa ukoo huo walikuwa wakuu wa Nawbahar, nyumba kubwa ya watawa wa Kibudha mjini Balkh, katika Afghanistan ya leo. Shahrastani, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1153, alipoandika juu ya dini za ulimwengu alimfananisha Buddha na Khidhri wa mapokeo ya Kiislamu. Na kutoka nchi ya Balkh alitoka pia Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, mwandishi wa kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Aliilaumu tabia ya matabibu ya kutibu mwili na kuiacha nafsi, akatenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayokuja bila ya sababu, na akamshauri mtu mzima wa afya akusanye fikra njema wakati wa utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani, ili azitumie siku ya dhiki. Hakuna haja ya kudai kwamba Balkhi alijifunza kwa Wabudha. Inatosha kuona kwamba elimu hii haina mwenyewe mmoja.

Mwanasaikolojia wa Sudan Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, alitumia maisha yake kulisema hilo. Kitabu chake cha mwaka 1979 kiliwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasimeze nadharia za Magharibi kama zilivyo, na baadaye aliandika juu ya tafakuri kama ibada inayotibu. Alisoma tafiti za taamuli za Mashariki kwa heshima, akachukua kilichothibitika, akaacha imani ambayo haikuwa yake. Kwa Unguja, ambako zikiri ya tarika ya Kadiria imeendeshwa kwa pumzi na sauti tangu zama za Sultani Sayyid Barghash, msimamo huo una mantiki zaidi kuliko kuletewa somo la pumzi na mgeni aliyejifunza wiki mbili.

Wabudha wenyewe hawako mbali. Masonara wa Kisinghala kutoka Ceylon waliwahi kuwa na maduka katika Mji Mkongwe, na ng'ambo ya bahari, mtaa wa Upanga mjini Dar es Salaam, Wasinghala walijenga hekalu mwanzoni mwa karne ya 20 ambalo lingali linatumika. Uganda ina mtawa wake mzalendo, Bhante Buddharakkhita, aliyewekwa utawa Marekani mwaka 2002 na kuanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe mwaka 2005. Anasimulia kwamba aliporudi nyumbani na joho lake, wapo waliodhani bakuli lake la kuombea chakula ni ngoma. Idadi ya wafuasi ni ndogo. Fikra zenyewe zimesafiri zaidi kuliko watu.

Mwangwi wake unasikika hata mahali ambapo hakuna anayetaja jina la Buddha. Tangu miaka ya 1980 unga, yaani heroini, umeingia Unguja kwa njia za baharini na kuwala vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo. Teja anayekosa kete hupata arosto: mifupa inauma, tumbo linakata, jasho na baridi kwa pamoja, na akilini hakuna kingine ila kete. Suleiman Mauly, aliyewahi kuwa mtumiaji mwenyewe, alikuwa miongoni mwa walioanzisha nyumba za wanaoacha unga kisiwani, zinazojulikana kwa jina la soba hausi. Humo vijana huishi pamoja miezi kadhaa, hukaa duara, kila mmoja hujitaja kuwa ni mraibu na kusema jana ilikuwaje. Mpango wao ni hatua kumi na mbili zilizotoka kwa walevi wa Marekani, na swala tano zimo ndani ya ratiba.

Buddha alisema chanzo cha mateso ni kiu, na hakuna anayeijua kiu hiyo kuliko aliyepitia arosto. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington alichukua fundisho hilo moja kwa moja. Aliwaambia waraibu kwamba uchu huinuka kama wimbi, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe kama mtu hakuulisha. Kazi yao ni kukaa juu yake mpaka ushuke. Baada ya kifo chake mwaka 2011, wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio la watu 286 waliomaliza matibabu ya uraibu. Wapo waliofuata mpango wa hatua kumi na mbili, wapo waliofundishwa mbinu za kuepuka vishawishi, na wapo waliofundishwa uzingativu. Baada ya mwaka mmoja, kundi la uzingativu lilikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa za kulevya kuliko makundi mengine mawili.

Matokeo hayo yasiwape watu haraka ya kuvunja duara na kuleta mito ya kukalia. Katika jaribio lile uzingativu nao ulifundishwa katika vikundi. Uchu unapopanda saa nane usiku, kijana wa soba hausi ana kitu ambacho hakiandikwi katika mwongozo: kitanda cha mwenzake kiko hatua mbili, na mwenzake anaijua arosto. Fundisho la wimbi lingemfaa sana. Lingemfaa zaidi likifundishwa na mtu aliyelala kitanda hicho cha pili, kwa Kiswahili cha maskani, kuliko likija katika simu.

Maana taamuli iliyokatwa kutoka kwa watu na maadili imeonyesha udhaifu wake. Mwaka 2022 zilitolewa taarifa za jaribio kubwa la Uingereza katika skuli 85 zenye wanafunzi zaidi ya 8,000, ambamo walimu walifunzwa kisha wakafundisha uzingativu darasani. Matumaini yalikuwa makubwa. Afya ya akili ya watoto hao haikuwa bora kuliko ya wenzao waliofuata masomo ya kawaida. Wengi wao hawakufanya hata mazoezi nyumbani. Kwa Wabudha wa jadi hili si jambo la kushangaza. Kwao uzingativu ni sehemu moja tu ya njia yenye sehemu nane, na zimo pia kauli njema, kazi ya halali na kutodhuru. Lawama zilizohesabiwa na George Brown, kwa Mbudha, ni uvunjaji wa kanuni ya kauli, na kanuni hiyo inamhusu msemaji, haimhusu mgonjwa.

Hapa pana hatari ya kuipaka subira sukari. Ipo nyumba ambayo haimlaumu mgonjwa kwa sababu imemsahau. Ipo inayomfunga. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Mama aliyeelemewa, asiye na dawa wala nauli ya kwenda kliniki, akiambiwa avumilie tu, amechomwa mshale wa tatu na anayemwambia. Skizofrenia ina dawa, na dawa hizo hupunguza sauti. Kombe na kidonge vimekaa pamoja katika nyumba nyingi bila ya ugomvi. Hata madai ya Shirika la Afya Duniani, kwamba wagonjwa wa nchi maskini hupona vizuri zaidi kuliko wa nchi tajiri, yaliyotokana na utafiti ulioanza miaka ya 1960, yamepingwa na watafiti wengine kwa hoja nzito. Kilichobaki imara ni hesabu ya lawama.

Ndiyo maana mabadiliko ya lugha ya siku hizi yanahitaji kutazamwa kwa makini. Vijana waliosoma huwaambia wazee kwamba sheitani hayuko, kuna ubongo uliovunjika. Wanasema hivyo kwa nia njema, ili mgonjwa asionewe haya. Mwaka 1997 Sheila Mehta wa Chuo Kikuu cha Auburn mjini Montgomery, Marekani, aliwapa watu nafasi ya kumwadhibu mwenzao kwa umeme mdogo kila alipokosea zoezi. Waliodokezwa kwamba ana maradhi ya ubongo walimpa umeme mkali zaidi kuliko waliodokezwa kwamba yaliyompata yalitokana na mambo ya utotoni. Sayansi ya ubongo ni ya kweli na inaokoa watu. Lakini sheitani wa Unguja alikuwa na kazi moja ambayo kemikali haijaweza kuifanya: alikuwa akishuka, na nyumba nzima ikajua kwamba ameshuka.

London, kwa upande wake, iliamua kuwafundisha watu wazima namna ya kukaa na mgonjwa. Mwaka 1982 Julian Leff na wenzake walichapisha jaribio dogo la familia 24 zenye lawama nyingi. Nusu zilipata huduma ya kawaida. Nusu ziliitwa, zikaelezwa ugonjwa, zikakutanishwa na familia tulivu, zikatembelewa nyumbani. Wagonjwa wote walikuwa wakipewa dawa. Katika miezi tisa, nusu ya wagonjwa wa kundi la kwanza waliugua tena; katika kundi la pili aliugua karibu mmoja kati ya kumi. Familia tulivu ndizo zilizokuwa walimu.

Unguja inao walimu hao mitaani, na wengine ni mama watu wazima ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wamewezaje. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka Kidongo Chekundu huwa na mtu aliyekuja kumchukua, dada, mjomba au jirani. Muuguzi anaweza kumkalisha mtu huyo dakika chache kabla hajapewa vidonge na tarehe ya kurudi, akamuuliza: Anapokataa kula, nyinyi mnamwambiaje? Anaposhinda amelala, nani anamsemesha, na kwa sauti gani? Kisha, kama majibu yanatisha, amtajie nyumba moja katika shehia yake ambako mama fulani ana mgonjwa kama huyo miaka mingi, kwa idhini ya mama huyo, ili waende wakakae naye barazani.